Mililita Mbili na Nusu

Wodi ya Wanawake
Tarehe 3 Machi

Kiherehere wangu,

Simu yangu wameifungia kwenye kabati la nesi mkuu, nitaipata siku nikitoka. Karatasi na kalamu hawana neno nazo. Kwa hiyo itabidi tuandikiane barua kama watu wa enzi za bibi yako. Wewe uko chuoni, mji wa mbali, na najua baba yako amekwishakupa habari zangu kwa namna yake. Sasa pokea za kwangu.

Mimi ni mgonjwa. Naanza na hilo ili mtu asinipigie kelele. Nilikaa siku sita bila lepe la usingizi, na wala sikuchoka. Nilijiona mwepesi, kama niliyetuliwa mzigo wa miaka. Siku ya nne nilipanda ngazi nikang'oa kibao cha saluni ya jirani kwa sababu waliandika "nywere". Siku ya sita nilisimama juu ya meza kazini nikawasomea wenzangu makosa yao ya mwaka mzima, kwa orodha. Meneja akanileta hapa kwa gari la kiwanda, baba yako akatia saini. Sikatai. Iliwahi kunipata miaka kumi na tisa iliyopita, wewe ukiwa bado unanyonya, na nilipona nikarudi kazini kwangu.

Ila ndani ya makelele yale yote kuna jambo moja ambalo si ugonjwa, na hilo ndilo hakuna anayetaka kulisikia.

Unaijua kazi yangu. Nasoma prufu, ile karatasi ya majaribio, kabla mashine haijachapa. Mwezi uliopita kiwanda cha dawa kilituletea kijikaratasi kile kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa ya maji ya homa ya watoto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapewa mililita 2.5. Waliopanga kurasa walibadilisha aina ya herufi, nukta ikapotea, ikabaki 25. Niliizungushia wino mwekundu, nikaitia nukta yake. Prufu ya pili ikaja vilevile, nikaizungushia tena. Ya tatu sikuiona. Meneja aliipitisha mwenyewe kwa kuwa lori la mteja lilikuwa limekwisha kusimama uani.

Mtoto wa miezi minane, Kiherehere, dozi mara kumi. Nimemwambia daktari, anaandika tu. Nimemwambia baba yako, ananishika mkono na kusema pumzika dada. Naomba mtu mmoja mwenye macho aingie duka la dawa, afungue boksi, asome mstari wa tatu. Hilo tu.

Shangazi yako


Bweni la Wanafunzi
Tarehe 8 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nilipoona mwandiko wako umetetemeka nililia. Mhadhiri wetu anasema dawa hizo hutetemesha mikono wiki za mwanzo, halafu mwili unazizoea, kwa hiyo usiogope.

Muhula huu tunasoma misingi ya saikolojia, na kila ukurasa nakuona wewe. Kuna nadharia moja inayogawa nafsi ya mtu sehemu tatu: ile inayotaka kila kitu sasa hivi, ile inayokataza, na ile iliyokaa katikati ikisuluhisha kama mama mwenye nyumba. Nadhani kwako ile ya kukataza imekomaa kupita kiasi, ndiyo maana ukaichagua kazi ya kusahihisha watu. Halafu kuna mbinu ambazo nafsi hutumia kujilinda. Mojawapo inaitwa kukana: mtu anaukataa ukweli unaomuumiza. Nyingine ni kumbandika mwenzako lile lililomo ndani mwako.

Kuhusu ile karatasi ya dawa, nisikilize kwa upole. Kuna kitu kinaitwa dhana potofu. Ni imani isiyo ya kweli ambayo mtu anaing'ang'ania hata akiletewa ushahidi, na mara nyingi huvaa nguo za kazi yake. Askari huona wapelelezi, mwalimu huona njama za shule. Wewe ni msomaji wa prufu, utaona kosa la chapa. Unaona inavyolingana? Si kosa lako, ni ugonjwa unaozungumza kwa sauti yako.

Nakuomba usiitaje tena mbele ya daktari. Kila ukiitaja wanaandika, na kila wakiandika siku zinaongezeka. Lala, kula, meza dawa. Nakupenda.

Kiherehere wako


Wodi ya Wanawake
Tarehe 12 Machi

Kiherehere,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kama prufu. Neno "nadharia" na ndugu zake umeyatumia kuliko "Shangazi". "Unaona inavyolingana" iondoe, hiyo ni sentensi ya mtu aliyekwisha kuamua. Mwandiko ni mzuri.

Sasa nami nikupe mafunzo kutoka huku. Wodi hii ina vitanda kumi na sita. Anayemeza vidonge bila swali ndiye anayepewa chai kwanza, ikiwa bado ya moto. Anayeuliza hiki ni cha nini anapewa ya mwisho. Najua chuoni mna jina la mchezo huo, kitu kama uimarishaji wa tabia. Sisi tunaita kununuliwa. Nami nauliza kila kidonge, nakimeza, halafu nakunywa chai yangu ya baridi.

Kitanda cha jirani yuko mwalimu wa hesabu. Ana wahaka. Moyo unamwenda mbio mpaka anadhani anakufa, na kila siku hafi, na kesho yake anadhani tena. Nilimsimulia ile ngazi ya mahitaji uliyonieleza likizo iliyopita, kwamba binadamu anataka chakula kwanza na heshima baadaye. Jana mhudumu alimwekea sahani mchana akamwambia, "Kula, kichaa wewe." Mwalimu akairudisha sahani ile mikononi mwa mhudumu, akakaa na njaa mpaka jioni. Mpelekee mhadhiri wako habari hiyo, aone aipachike ngazi ya ngapi.

Kuhusu dhana potofu, nilimuuliza daktari mwenyewe. Ni mama mfupi, mpole, amechoka.

"Daktari, dhana potofu ni nini?"

"Ni imani isiyo ya kweli, isiyobadilika hata ukiletewa ushahidi."

"Wewe umeniletea ushahidi upi?"

Akatazama karatasi zake.

"Kuna mtu yeyote aliyefungua boksi la dawa akasoma?"

"Mama, mimi kazi yangu si kukagua dawa."

"Basi na kusema nasema uongo pia si kazi yako."

Hakukasirika, ila aliandika.

Usidhani najiona mzima. Kibao cha saluni ulikuwa ugonjwa. Si kwamba "nywere" ni sahihi. Ni kwamba mtu mwenye akili zake hapandi ngazi ya jirani na nguo ya kulalia, barabara imejaa watoto wa shule. Meza ya kazini ulikuwa ugonjwa. Kuwapigia simu wateja arobaini ulikuwa ugonjwa. Nalijua tope nililolikanyaga na mahali lilipoishia. Ile nukta niliizungushia wino nikiwa nalala saa saba nzima kila usiku, nakula, natania. Kwa hiyo usinichanganyie mafaili.

Nimeomba kusoma faili langu. Nesi mkuu amesema ni haki yangu, lakini si kawaida. Nimemwambia tuanze kuizoea.

Shangazi yako


Bweni la Wanafunzi
Tarehe 17 Machi

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwa haraka, tuna mtihani kesho. Nakuomba hilo la faili uliache. Maneno ya hospitali ni makavu, yanaumiza mtu ambaye hajayazoea, na mhadhiri anasema mgonjwa akisoma faili lake anaweza kurudi nyuma. Mle huandikwa mambo mengi ya juu juu, mengine yametoka kwa watu waliokuwa na hofu siku hiyo. Ukitoka tutalisoma pamoja, mimi na wewe, nikikueleza.

Baba anakusalimu. Anasema nyumba yako ameifunga vizuri.

Kiherehere wako


Wodi ya Wanawake
Tarehe 20 Machi

Nimelisoma.

Ukurasa wa pili: "Kwa maelezo ya jamaa, binti wa kaka wa mgonjwa, mwanafunzi wa saikolojia: mgonjwa ana dhana potofu kwamba dawa za watoto zimetiwa sumu. Jamaa anashauri madai hayo yasitiliwe maanani."

Neno "sumu" sijawahi kulitamka. Hilo umeliongeza wewe.

Kumbe nilipokuwa nakuandikia kwamba hakuna anayetaka kusikia, nilikuwa nakuandikia aliyewaziba masikio. Barua yako ya tarehe 8 ilikuwa inajua. Ya tarehe 17 inajua zaidi.

Usinijibu kwa nadharia.

Mgonjwa, kitanda namba 11


Bweni la Wanafunzi
Tarehe 27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Ni kweli, ni mimi. Siku uliyolazwa Baba alinipigia simu, akanisimulia la karatasi ya dawa, kisha akampa daktari simu ile, na daktari akaniuliza kama kuna jambo unalolishikilia sana. Nilikuwa nimetoka darasani saa mbili tu kabla ya hapo, somo lenyewe dhana potofu. Nilijisikia mtu wa maana, daktari ananiuliza mimi. Nikasema sumu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye mfano wa kitabu. Sina la kujitetea, na sitalitafuta.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nilikaa nayo kutwa nzima, Jumanne nikaingia duka la dawa lililo mbele ya stendi. Nilinunua chupa moja, nikafungua boksi palepale juu ya kaunta. Mstari wa tatu. Nilitamani iwe 2.5, Shangazi, nakuambia ukweli. Nilitamani wewe uwe umekosea ili mimi niwe sikukosea.

Ilikuwa 25.

Nilimwonyesha muuza dawa. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Akaenda rafu ya nyuma akatoa boksi la zamani, la mwaka jana. Likasema 2.5. Akayaweka mawili pamoja, akapitisha kidole kwenye mistari yote miwili. Nikamuuliza kuna nini.

"Kuna mama alirudi hapa wiki iliyopita," akasema. "Mtoto wake wa miezi saba alilala kutwa, haamki hata kunyonya. Wakamkimbiza hospitali, wakamwahi. Mama akanishikia kijikaratasi hiki, ananiambia nilifuata kilichoandikwa. Mimi nikamgombeza kwamba hajui kupima."

Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Kisha akaanza kutoa maboksi yote kwenye rafu, moja moja, akiyapanga chini.

Jumatano niliomba ruhusa chuoni nikapanda basi la asubuhi mpaka kiwandani kwako. Meneja alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Nikamwekea vijikaratasi viwili mezani. Hakuvigusa.

"Binti, sote tunamhurumia shangazi yako. Hali yake kila mtu aliiona."

"Sijaja kwa hali yake. Nimekuja kwa mstari wa tatu."

"Kama kuna kosa, tungeambiwa."

"Mliambiwa mara mbili."

"Na nani? Na mtu aliyepanda juu ya meza?"

Na hapo, Shangazi, nilijisikia mwenyewe nikizungumza kwenye simu ile. Ni sentensi yangu aliyoisema, kwa sauti ya mtu mwingine.

Nilipokuwa natoka, fundi wa mashine kubwa, yule mrefu mwenye mikono ya wino, alinifuata mpaka getini. Akanipa bahasha, hakusema zaidi ya "Zilikuwa zinatupwa." Ndani zilikuwamo prufu zako mbili. Nukta yako nyekundu ipo, saini yako ipo, tarehe ipo. Tarehe 2 na tarehe 5 Februari. Wewe ulilazwa tarehe 24.

Nimempelekea daktari wako nakala leo asubuhi, na barua yangu kwamba maelezo ya ukurasa wa pili niliyatoa mimi, na si ya kweli. Nakala nyingine muuza dawa na mimi tumezipeleka kwa wakaguzi wa dawa wa serikali. Walitaka kujua mimi ni nani katika jambo hili. Nikasema mimi ndiye niliyesema ni uongo.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Nilitaka tu ujue boksi limefunguliwa.

Mtoto wa kaka yako


Ofisi ya Meneja, Kiwanda cha Uchapaji
Tarehe 2 Aprili

Kwa Msomaji Prufu Mwandamizi, Wodi ya Wanawake

Ndugu,

Uongozi unakutakia afya njema. Kutokana na maswali yaliyoletwa na wakaguzi kuhusu chapisho la mteja wetu wa dawa, na kwa kuzingatia utumishi wako wa muda mrefu, tuko tayari kukupokea tena mara utakaporuhusiwa, katika kazi nyepesi ya kusoma lebo, mbali na kelele.

Ili kulifanikisha hilo, tafadhali tia saini karatasi iliyoambatanishwa, inayosema kwamba mwezi Februari ulikuwa tayari katika hali ya ugonjwa na kwamba huna uhakika kama prufu zile zilimfikia Meneja. Hii ni kwa faida yako. Hakuna atakayekulaumu kwa jambo lililotokana na maradhi.

Meneja


Wodi ya Wanawake
Tarehe 4 Aprili

Meneja,

Nimeipokea karatasi yako nami nairudisha imesahihishwa. "Katika hali ya ugonjwa" nimeikata, kwa kuwa tarehe 2 na tarehe 5 Februari nilikuwa mzima na wewe uliniazima mwavuli. "Huna uhakika" nimeikata, kwa kuwa nilikupa mkononi, ukaniambia, "Mama, wewe unaona nzi kila mahali." Kilichobaki ni salamu, na hizo nimezipokea.

Ngoja nikuandikie wazi, ili usije ukasema barua yangu ilikuwa na mafumbo. Nina ugonjwa. Unaitwa baipola, hisia zangu hupanda mpaka dari na kushuka mpaka chini ya sakafu, na nitaumezea dawa huenda maisha yangu yote. Ni wangu. Nimeubeba mimi, nimeaibika nao mimi, jirani mwenye saluni nitamwomba radhi mimi. Lakini sijaukodisha kwa mtu, na wewe hutautumia kufutia saini yako.

Wewe ulikuwa umelala vizuri siku ile. Ulikuwa umekula. Hakuna daktari aliyewahi kukuandikia kidonge. Ukaitazama nukta nyekundu kwa akili zako timamu, ukapitisha. Mimi nilipanda juu ya meza, na hakuna mtoto aliyelazwa kwa sababu yangu.

Lebo sitasoma. Nikirudi, narudi kwenye kiti changu.

Msomaji Prufu Mwandamizi


Wodi ya Wanawake
Tarehe 9 Aprili

Kiherehere,

Nimechelewa kukujibu makusudi. Nilitaka hasira ipoe ndipo nione imeacha nini chini ya sufuria.

Daktari alikuja kitandani kwangu wiki iliyopita na nakala zako mkononi. Hakuniita pembeni, alisema mbele ya vitanda vyote. "Mama, nilikosea. Nilipaswa kuuliza." Mwalimu wa hesabu akaacha kuhesabu vidole. Nikamwambia daktari asante, sasa liandike. Akachukua faili, akataka kuichana karatasi ya ukurasa wa pili. Nikamzuia. Kazini kwetu kosa halichanwi, linapigwa mstari mmoja, lisomeke, na sahihi inaandikwa pembeni pamoja na saini. Akafanya hivyo. Kwa hiyo maneno yako yatabaki mle, yamepigwa mstari. Sikuomba yafichwe.

Nilimuuliza kama sasa nimepona. Akasema hapana. Akasema la dawa lilikuwa kweli na baipola nayo ni kweli, na moja haiifuti nyingine. Nilimpenda kwa jibu hilo. Wapo ambao tangu juzi wananiambia, "Kumbe hukuwa mgonjwa." Baba yako ni mmoja wao, amekuja analia, anataka kunitoa leo leo na vidonge vitupwe. Wote ni walewale. Mwanzo walisema anaumwa, kwa hiyo ni mwongo. Sasa wanasema amesema kweli, kwa hiyo haumwi. Nimemrudisha nyumbani nikamwambia aniletee viatu vya kutokea Jumatatu, nitakapokuwa tayari.

Wewe nimekusamehe nusu. Nusu nyingine inakuja kwa miguu, iache itembee. Kinachoniuma si kwamba ulikosea neno. Kinachoniuma ni kwamba nilikuomba ufungue boksi ukanieleza kwa nini nimeomba.

Endelea kusoma. Watu wenye kazi yako wanahitajika humu, tena wengi. Ila kila ukijifunza neno jipya la kumwita mtu, kaa nalo kidogo kabla hujamwita nalo.

Shangazi yako


Bweni la Wanafunzi
Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Wakaguzi wameondoa dawa ile kwenye maduka yote na tangazo limesomwa redioni. Muuza dawa alikwenda mpaka kwa yule mama, akamwomba radhi mlangoni. Anasema mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akafunga mlango. Mtoto anatambaa.

Juzi mhadhiri alitaka mifano ya dhana potofu kutoka maisha ya kawaida. Mikono ikanyooshwa, kila mtu ana jirani, kila mtu ana mjomba. Nilisimama nikasema nina mfano wa mtu aliyeshikilia imani ya uongo hata ushahidi ulipokuwa ukiuzwa dukani mbele yake. Akasema vizuri sana, na mgonjwa huyo yuko wapi sasa? Nikasema ni mimi, na kwamba sikuwa mgonjwa. Nikasimulia yote, ila wewe sikukutaja. Baadhi ya wenzangu walinikwepa kwenye chakula. Mhadhiri aliniita ofisini, nikadhani nimeponzwa na mdomo wangu. Akaniuliza tu, "Uliwezaje kwenda kwa daktari kusema umekosea?" Kwa namna alivyouliza, nadhani naye ana faili lake mahali fulani.

Nina swali ambalo kitabu kinalijibu, lakini nataka ulijibu wewe. Ugonjwa ukianza tena, nitajuaje? Na unataka nifanye nini?

Kiherehere wako


Nyumbani
Tarehe 25 Mei

Kiherehere mwanangu,

Swali lako ndilo la kwanza la maana kuniuliza tangu uanze chuo, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Nikianza kulala saa nne tu kwa usiku mzima, kisha tatu tu, na kusema sijawahi kujisikia vizuri hivi, hiyo ndiyo dalili. Nikianza miradi mitatu kwa siku moja, hiyo ni dalili. Nikikasirika barabarani kwa sababu ya herufi, angalia kwanza kama herufi yenyewe imekosewa, kisha angalia kama nimevaa viatu. Upande wa pili ni huu: nikiacha kujibu simu, nikianza kusema sina haja na chochote, hiyo ndiyo sonona, nayo huja kimya, inanitisha kuliko ile ya kupanda meza. Usiniulize mbele za watu kama nimemeza dawa. Niulize nimelala kwa saa ngapi, nitakuelewa na nitakujibu kweli. Nikikataa kujibu, mwite daktari, nami nitakununia, nawe uvumilie kununiwa. Nimeiandika karatasi hii mara mbili, nyingine iko kwa baba yako, na chini nimetia saini nikiwa na akili zangu zote.

Sasa habari za kazini. Mwenye kiwanda aliniita mwenyewe. Meneja hayupo tena pale, na sikuuliza yuko wapi. Mwenye kiwanda alitaka barua ya daktari kuthibitisha kwamba akili zangu zinafaa kwa kazi. Nikasema nitaileta siku atakayonionyesha ya kwake na za wakuu wote wa idara. Akasema basi. Mimi nikadai langu: hakuna kitakachoingia mashineni bila saini ya msomaji, hata kama malori kumi yamesimama uani. Amelitia kwenye kanuni, limebandikwa ukutani, na nimelisoma, halina kosa.

Siku ya kwanza chumba kizima kilinisalimia kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani. Saa mbili nikatoa kidonge changu, nikakiweka juu ya meza, nikamimina maji kwenye glasi, nikameza. Mpokezi alikuwa ananitazama akajifanya anatafuta kalamu. Nikamwambia kinaitwa nini na kinafanya nini, na kwamba akiwa na swali lingine niko hapa mpaka saa kumi. Tangu hapo wanaongea kawaida. Wawili wametania kuhusu meza, nami nikacheka, kwa kuwa inachekesha.

Kumeza kule mbele ya watu hakukuwa kwa bure, na leo ndipo nimejua.

Mchana huu, mashine zilipozimwa kwa chakula, fundi wa mashine kubwa aliingia chumbani kwangu. Yule aliyekupa bahasha. Aliurudisha mlango nyuma yake, akabaki amesimama anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa imekwisha kuwa safi. Nikadhani kuna prufu imeharibika.

"Dada," akasema, "siku wanakuchukua, niliona wanavyokushika. Nikaapa mimi sitamwambia mtu."

"Usimwambie mtu nini?"

Akatazama dirisha. Ana miaka hamsini na mbili, ana wajukuu wawili, anabeba roli la karatasi mgongoni kama mto.

"Tangu mwaka jana. Naamka asubuhi sioni sababu ya kuvaa viatu. Navaa kwa sababu mke wangu anatazama."

Sikumpa neno lolote la kitabu, Kiherehere, ingawa nilikuwa nalo mdomoni. Nilimvutia kiti. Akakaa, kiti kikalia. Nikaifunga prufu iliyokuwa mbele yangu, nikamwambia aendelee, sitaandika chochote.

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Watu wakapita mlangoni. Mtu akamwita kwa jina la utani kutoka kule mashineni, mara mbili, mara tatu. Nikafungua mlango nikasema fundi yuko na mimi, mashine itangoja.

Ikangoja mpaka saa nane na nusu. Kesho saa tatu nampeleka kwa yule daktari mfupi. Tutaingia kwa mlango wa mbele.

Shangazi yako